Kile kiduara kwenye kioo cha meli ya uvuvi

Ukiunda modeli ya meli ya uvuvi utakutana na kiduara kwenye kioo cha dirisha la nahodha. Siyo feni wala tundu la hewa. Ni kioo cha duara kinachozungushwa na mota ya umeme, mara 1,500 hivi kwa dakika au zaidi, na maji ya mvua, mawimbi au theluji yakigusa tu yanarushwa pembeni. Waipa ya kawaida huzidiwa bahari ikichafuka. Hataza yake (hati ya haki ya uvumbuzi) ni ya 1917, ya Waingereza wawili, de Normanville na Kent, ndiyo maana wengine hukiita "Kent".

Kwenye modeli yako usihangaike kukifanya kizunguke. Kioo ni kilekile pande zote, kwa hiyo hata kwenye meli halisi kikizunguka huoni tofauti. Kinachoonekana ni fremu ya duara, kibumba cha mota katikati na upau unaokishikilia, na hivyo vyote vimetulia. (Zipo aina ambazo mota iko ukingoni, basi katikati panabaki wazi. Angalia picha za meli yenyewe kabla ya kukata chochote.)

Kioo cha sentimita 30 kwa kipimo cha 1:48 (modeli ndogo mara 48 kuliko meli) kinakuwa milimita 6 na kidogo. Mimi hukunja waya mwembamba wa shaba kwenye shina la keekee, nakata pete, naibandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Supaglu usiiguse kabisa, mvuke wake hutia ukungu kwenye plastiki angavu na kuutoa ni kazi.

Na usiweke kila dirisha: kimoja au viwili vinatosha, mbele ya anayeshika usukani.