Maswali ya wasomaji: Masjidul Haraam, mbona "haramu"?

SWALI: Assalaam aleykum. Mwanangu wa miaka tisa karudi chuoni juzi, hata juzuu hajaiweka chini kaniuliza, mama, nguruwe haramu, pombe haramu, sasa msikiti wa Makka mbona nao unaitwa Masjidul Haraam? Nikamwambia ngoja baba yako arudi, na baba yake naye kakwama palepale. Tusaidieni. – Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu. Mwambie neno ni lilelile, halijabadilika hata herufi. Mzizi wake, yaani zile herufi za Kiarabu zinazobeba maana yake, ni ha (ile ح ya kooni), ra na mim, na maana yake ya ndani sio ubaya, ni kuzuiwa, yaani kitu kimewekewa mpaka usiuvuke. Sasa kitu kinaweza kuzuiwa kwa uchafu wake kama nguruwe, au kwa utukufu wake kama Makka, ambako ndani ya mipaka huwindi mnyama wala hukati mti uliojiotea. Sisi Waswahili tumelizoea zaidi kwa ule upande wa kwanza, haramu, mwanaharamu, haramia, ndio maana sikio linashtuka.

Ila ule wa pili nao tunao, tena kila siku! Ukisimama kuswali ukanyanyua mikono, ile Allahu Akbar ya kwanza tunaiitaje? Takbira ya kuhirimia. Dakika ileile ulikuwa unaongea na jirani, unakunywa maji, ruksa kabisa, ukishaitamka tu yale ya halali yanakuwa haramu kwako mpaka utoe salamu. Hicho ndicho kitenzi ahrama, kuingia kwenye hali ya kuzuiliwa, na anayekwenda hija ndio hivyohivyo, mwanamume akihirimia ni zile shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, manukato basi, kukata kucha basi, na hali hiyo ndiyo ihram, hata zile shuka watu wanaziita ihram. Mimi hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote kwenye mzizi huu.

Ukiikaza ile ra unapata harrama, kaharamisha, humo ndimo ilimotoka Tahrim, sura ya 66, na Muharram, mmoja wa ile miezi minne mitukufu pamoja na Rajabu, Dhulqaada na Dhulhija. Ukiingiza t katikati inakuwa ihtarama, kaheshimu, ndio muhtaramu wa kwenye barua. Na maharimu wako, wale ndugu usioweza kuolewa nao, nao wamo humuhumu.

SWALI: Kwenye Qur'ani nimekuta neno mahrum. Ndiye huyu marehemu wetu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana kaka, herufi za mzizi ni zilezile tatu ila zimepangwa vingine. Marehemu katoka kwenye ra-ha-mim, ile ya rehema, ni aliyerehemewa. Mahrum yeye katoka kwa harama, kumnyima mtu, na kwenye Adh-Dhariyat aya ya 19 wacha Mungu wanasifiwa kwamba katika mali zao mna haki ya mwombaji na ya mahrum, yule aliyenyimwa. Kwa hiyo msibani chunga sana ulimi, ra itangulie ha, la sivyo badala ya kumtaja mzee wa watu kwa rehema utakuwa umemwita aliyenyimwa.