Mtoto akisema mchezo ndiyo kazi anayoitaka

Mzazi mwenzangu, mwanao akishatamka kwamba anataka kuishi kwa mchezo, utavutwa kuwa kocha wake wa pili. Usivutike. Kocha anaye tayari. Anachohitaji kwako ni mtu wa kumhimiza alale mapema, wa kumsomea mkataba na wa kukaa naye siku aliyowekwa benchi. Kazi hiyo haipigiwi makofi.

Wengi tunaharibu njiani, tukirudi nyumbani baada ya mechi. Mtoto hajakauka jasho, nasi tumeshaanza: mbona hukutoa pasi, mbona ulimwachia yule? Anajua alipokosea, na uwanja mzima umemwona. Muulize kama ana njaa, basi. Akitaka kuizungumzia mechi ataanza mwenyewe, na mara nyingi huwa ni kesho yake.

Usipime kipaji mapema mno. Kwenye timu zinazopangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, mtoto wa Januari anamzidi wa Desemba karibu miezi 12, na kwa watoto wa miaka 10 tofauti hiyo inaonekana hadi kwenye mabega. Makocha huchukua walio wakubwa, kisha wanasema wana kipaji. Kwa hiyo mwanao akiachwa kwenye mchujo akiwa mdogo, si lazima awe hana uwezo. Akichaguliwa nako, shule isiachwe. Wengi wanaoingia akademia hawafiki kucheza kwa kulipwa.

Mapumziko ndiyo yanayotushinda, maana tunaogopa mwenzake atampita. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri siku 1 au 2 za kupumzika kila wiki, na jumla ya miezi 3 kwa mwaka mbali na mchezo wake mkuu, ikigawanywa mwezi mmoja mmoja. Kinashauri pia asifungwe kwenye mchezo mmoja hadi afike miaka 15 au 16. Akilalamika maumivu chini kidogo ya goti katika kipindi anachorefuka haraka, usimwite mvivu. Mifupa yake bado inakua, na kukimbia na kuruka kwingi huvuta pale kano ya goti inaposhikia. Mpeleke kwa daktari.

Halafu watakuja watu wenye karatasi. Kama ni soka, kanuni za FIFA haziruhusu aliye chini ya miaka 18 kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3, na kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya umri huo kumekatazwa isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa. Wakala lazima awe na leseni. Anayetaka utangulize pesa ili mtoto apate majaribio ng'ambo, mwonyeshe mlango, hata kama ana picha na wachezaji maarufu (picha kila mtu anapiga).

La mwisho ni dawa. Mwanamichezo ndiye anayewajibika kwa chochote kilichokatazwa michezoni kitakachokutwa mwilini mwake akipimwa, hata akisema hakujua, na unga wa kujenga misuli unaweza kuwa na kitu kisichoandikwa kwenye kopo. Hata baadhi ya dawa za mafua zina viambato vinavyodhibitiwa siku ya mashindano. Mwambie daktari mapema kwamba mgonjwa huyu anashindana, na uandike jina la kila dawa anayomeza pamoja na tarehe.