Pima volti mzigo ukiwa umewashwa

Ukimwita fundi kwa sababu taa ya chumba cha mwisho inafifia au TV inajizima kila usiku, mara nyingi atachomeka mita ya kupimia umeme, atasoma volti, ataona namba nzuri na kukuambia umeme upo, mbovu ni kifaa chako. Unanunua kifaa kingine, tatizo linabaki palepale. Kazi yangu ni kufunga sola na kutandaza waya za nyumba, na wateja wengi wanaoniita wameshapoteza hela kwa namna hiyo. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usikubali kipimo cha volti kilichochukuliwa mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme, ukiwa umezimwa.

Sababu iko kwenye kanuni ambayo Mjerumani Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827, ileile tuliyoikariri sekondari: volti ni ampea mara omu. Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa umeme unaopita, omu ni ugumu wa njia. Wengi tulimaliza shule tukidhani kanuni hii inahusu kifaa tu. Inahusu njia nzima: waya, swichi, kiungo, hata skrubu ya soketi. Kila kipande chenye omu kinakula volti zake, na kiasi kinachokula ni ampea zinazopita hapo mara omu zake. Ampea zikiwa sifuri, hakiliwi kitu. Ni kama bomba la maji lililoziba nusu: koki ikiwa imefungwa, presha mwisho wa bomba ni ileile ya kwenye tangi, na huwezi kujua kuna uchafu ndani. Fungua koki ndipo utaona maji yanachuruzika.

Nilikuta jambo hili kwa mama mmoja Handeni. Sola yake ni ya volti 12, betri iko nyumba kubwa, TV iko nyumba ya vijana umbali wa mita 20 hivi. Kila ikifika saa mbili usiku TV inazima. Alishaambiwa betri imekufa, na alikuwa anaweka akiba ya kununua nyingine. Tulipima upande wa TV ikiwa imezimwa: 12.4. Tukaiwasha. Kwenye betri mita ikasoma 12.3, kwenye plagi ya TV ikasoma 10.8.

“Sasa hizo nyingine zimekwenda wapi, fundi?”

“Zimeliwa na waya, mama.”

Hesabu yake ni hii. Waya uliotumika ulikuwa wa moja na nusu, yaani shaba yenye milimita za mraba 1.5, na waya huo una omu 12.1 kwa kila kilomita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 20 ni mita 40 za waya, karibu omu 0.48. TV ilikuwa inavuta ampea 3. Zidisha: volti 1.45 zimebaki njiani, zimegeuka joto ambalo hakuna anayelihitaji. Kuna jambo la kuongeza hapo. TV za siku hizi hushikilia wati zake, yaani volti mara ampea, hivyo volti zikishuka huvuta ampea zaidi, na ampea zikiongezeka waya unakula volti zaidi. Ndiyo maana jioni, betri ikiwa bado imejaa, TV inavumilia, na usiku betri ikishuka kidogo inashindwa ghafla.

Betri hatukuigusa. Tulivuta waya wa nne, yaani wa milimita za mraba 4, wenye omu 4.61 kwa kilomita, hasara ikashuka hadi kama nusu volti, na TV ikapata 11.7.

Mtu akiniuliza kwa nini waya uleule wa moja na nusu haumsumbui kwenye taa za umeme wa gridi, ninamwambia agawanye. Wati 36 kwa volti 12 ni ampea 3. Wati hizohizo kwa volti 230 ni ampea 0.16 tu, na waya ule ungekula chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Sola ya volti 12 haisamehi waya mwembamba. Kama huwezi kununua waya mnene, sogeza betri karibu na mzigo.

Kwenye umeme wa 230 hatari ni nyingine, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Chukua birika la wati 2000. Linavuta ampea 8.7. Tuseme nyuma ya soketi kuna skrubu iliyolegea, au waya uliosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu, na mahali hapo pamekuwa na omu 0.2. Volti zinazopotea ni 1.7 tu, birika litachemsha kama kawaida na hutahisi lolote. Lakini zidisha hizo volti kwa ampea: wati 15 za joto, zote kwenye sehemu ndogo kama punje ya harage, ndani ya plastiki. Breka, ile swichi ya kujikata, haitakusaidia, kwa sababu breka hupima ampea, na ampea hazijazidi. Kwa breka kila kitu ni salama huku soketi inayeyuka.

Kwa hiyo, ukimaliza kupiga pasi au kuchemsha maji, shika plagi kwa nje. Ikiwa ya moto kuliko uvuguvugu, au ukisikia harufu ya plastiki, zima kwenye breka kuu na uite fundi akaze au abadilishe soketi. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote kabla ya kuwasha kitu kizito, maana joto la waya uliojikunja halina pa kutokea.

Kupima volti za sola mzigo ukiwa umewashwa unaweza kufanya mwenyewe. Za 230 mwachie aliyesomea. Na usiweke kamwe mita kwenye alama ya ampea ukagusa ncha mbili za betri: katika alama hiyo mita ina omu karibu na sifuri, na volti 12 zikigawanywa kwa karibu sifuri ni ampea za kuunguza mita, labda na mkono.

Mwisho, unapokwenda dukani kununua waya, nenda na mita. Roli ya mita 100 ya waya wa moja na nusu, ukipima ncha hadi ncha, isome karibu omu 1.2. Kwanza gusanisha nyaya za mita yenyewe, uone inasoma ngapi, utoe. Ikibaki 1.8 au zaidi, waya ni mwembamba kuliko ulivyoandikwa, au ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, usinunue, hata ukipunguziwa bei.