Jibu: Yule ndege wa kijani mwenye mistari, Capri Point
Mkuu, umeuliza yule ndege wa kijani uliyemwona Capri Point, hapa Mwanza, akila pamoja na minana ni nani, maana wenzako wamekwambia ni kasuku wetu wadogo wa kawaida. Siyo. Wale wetu, wanaoitwa kwa jina la Fischer, ni wenyeji hasa wa kusini mwa Ziwa Victoria: mdomo mwekundu, uso wa rangi ya chungwa, duara jeupe kuzunguka jicho, mkia mfupi. Wako unasema ana uso wa njano, mistari myeusi kuanzia kisogoni hadi kwenye mabawa, na mkia mrefu mwembamba. Huyo ni bajerigari, kwao Australia. Bila shaka katoroka tunduni mwa mtu.

Ukimpata tena, mwangalie juu ya mdomo, pale penye matundu ya pua. Pakiwa bluu ni dume, kahawia ni jike (makinda hudanganya, usiape). Mwaka jana mmoja alinijia uani, Nyegezi. Nikammwagia ulezi kwenye sinia, akawa anamenya punje mojamoja, maganda yanabaki pembeni, wala hakushtuka nilipokohoa. Ndege wa porini angeshapaa zamani. Waulize majirani upesi, mwewe wa huko hawalazi damu.