Babu alihudumia wageni kwa miaka 34: wasifu wake niuandikeje?

SWALI

Mheshimiwa Mhariri,

Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka jana. Alifanya kazi hotelini kwa miaka 34: alianza akiwa mbeba mizigo, akawa mhudumu wa meza, na alipostaafu alikuwa msimamizi wa ukumbi wa chakula. Familia imenikabidhi jukumu la kuandika wasifu utakaosomwa siku tutakapokusanyika kumkumbuka. Baba mkubwa anashauri niandike tu kwamba “alikuwa mwajiriwa wa hoteli” kisha niendelee na habari za watoto na wajukuu, kwa kuwa haoni heshima yoyote katika kusimulia jinsi mzee wetu alivyowabebea watu wengine mabegi na sahani. Sikubaliani naye, lakini kila ninaposhika kalamu naishia kwenye maneno yale yale: mkarimu, mchapakazi, mwenye tabasamu. Isitoshe, baba na shangazi zangu wanakumbuka sikukuu nyingi ambazo babu hakuwapo nyumbani. Je, hilo nalo liandikwe?

Mjukuu (jina limehifadhiwa)

JIBU

Ndugu mjukuu, pokea pole zetu wewe na familia yako.

Nadhani ugumu unaoupata unatokana kwa sehemu na lugha yenyewe. Siku hizi neno “ukarimu” limebeba mizigo miwili: ni tabia ya mtu anayempokea mgeni kwa moyo mkunjufu, na ni jina la sekta nzima ya hoteli, migahawa na nyumba za kulala wageni. Ukiandika kwamba babu alikuwa mkarimu, wasikilizaji watasikia maana ya kwanza peke yake, wataitikia kwa kichwa, na miaka 34 ya ufundi itapita bila yeyote kuiona. Tabia njema sina shaka alikuwa nayo. Hata hivyo, mtu mwema asiyejua kazi hawezi kuchukua maagizo ya meza kadhaa kwa mpigo, kupanga sahani tatu juu ya mkono mmoja bila kumwaga mchuzi, kutambua kwa kumtazama tu msafiri aliyechoka kwamba anataka chakula chake haraka na maneno machache, kisha kugeukia meza ya jirani penye furaha akiwa na uso unaolingana na furaha hiyo. Kazi hiyo ina mkosi wa aina yake: inapofanywa vizuri haionekani, kwa sababu mgeni hukumbuka chakula kilichochelewa na akamsahau aliyekileta kwa wakati. Ndiyo maana wasifu wa mhudumu unahitaji bidii kuliko wasifu wa mjenzi, ambaye nyumba zake bado zimesimama.

Kuhusu baba mkubwa, mweleze kwa adabu kwamba kazi ya babu husomewa. Shule ya hoteli ya Lausanne, nchini Uswisi, ilifunguliwa mwaka 1893, na hadi leo vijana hulipa ada kubwa ili wafundishwe mambo ambayo babu alijifunza akiwa amesimama. César Ritz, ambaye mwaka 1898 alifungua jijini Paris hoteli yenye jina lake, alizaliwa mwaka 1850 katika familia ya wakulima wa kijiji cha Niederwald, akiwa mtoto wa 13, na alipanda ngazi kwa kuanzia kwenye utumishi wa mezani. Simtaji ili umfananishe babu na tajiri huyo. Babu hahitaji kuazima sifa za mtu. Ninachotaka baba mkubwa akione ni kwamba kubeba sahani ni mlango wa taaluma, na kwamba mtu aliyetoka kwenye mabegi hadi kusimamia ukumbi mzima alipandishwa na watu waliompima kila siku kwa macho yao. Basi iandike ngazi hiyo hatua kwa hatua, wala usiirukie ile ya mwisho kana kwamba za chini zina aibu.

Habari za kazi hutazipata kwa kuuliza “babu alikuwa mtu wa namna gani?” Swali hilo huzaa sifa tupu. Watafute wawili watatu waliofanya naye zamu na uwaulize mambo yanayoshikika: alifika saa ngapi, aligusa nini kwanza, alikagua nini kabla ya milango kufunguliwa, kosa gani hakulivumilia, mgeni mkorofi alimtulizaje. Zaidi ya yote, waulize nani alifundishwa naye. Msimamizi wa ukumbi huacha watu nyuma yake, na huenda leo yuko mtu anayepanga vikombe jinsi babu alivyompangia. Kama atapatikana, ningempa dakika mbili azungumze mwenyewe siku hiyo.

Tahadhari moja: familia nyingi hupenda kusimulia wageni mashuhuri waliowahi kuhudumiwa na mzee wao. Mtaje mmoja ikibidi, lakini yale ambayo babu aliyaona au kuyasikia mezani na akanyamaza, nawe yanyamazie. Usiri ulikuwa sehemu ya kazi yake, na kustaafu au kufa hakukuwapa wengine ruhusa ya kuufungua.

Sasa nije kwenye sikukuu. Ziandike. Kutokuwapo kwake ni sehemu ya maisha yake na ya watoto wake, na wasifu unaoficha jambo ambalo kila aliyeketi pale analijua hupoteza imani ya wasikilizaji. Lakini liweke mahali pake, ndani ya kazi, kwa kuwa siku ambazo wengine hupumzika ndizo ambazo hoteli hujaa. Tatizo hili linatambulika kimataifa: Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 172 wa mwaka 1991 unaohusu wafanyakazi wa hoteli na migahawa, linataka anayelazimika kufanya kazi siku za mapumziko ya umma afidiwe kwa muda au kwa malipo, na kwamba mfanyakazi apate ujira wa msingi kwa vipindi maalumu, bila kujali bahashishi anazopewa na wateja. Hayo yasingeandikwa kama si desturi iliyoenea ya kuwanyima watu wa kazi hii jioni zao na uhakika wa kipato chao. Mwache shangazi mmoja aeleze kwa maneno yake jinsi ilivyokuwa kumngoja, naye baba aeleze mzee alifanya nini siku ya pili yake aliporejea. Ukiweka kauli hizo mbili pamoja, hutahitaji kumtetea babu wala kumlaumu.

Kama bibi yu hai, anza naye kabla ya wote. Sare ile ilifuliwa na nani, ilipigwa pasi saa ngapi, na mtu aliyeshinda akiwatengea wengine chakula alikula nini, na muda gani, alipofika nyumbani usiku? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo ambalo mimi ningelifanya aya ya kwanza.