Kusamehe kabla hajaomba radhi
Je, ni lazima usubiri aliyekukosea atubu ndipo umsamehe? Hapana, si lazima. Marko 11:25 inasema ukisimama kusali nawe una neno juu ya mtu, samehe. Toba yake haikutajwa kabisa. Stefano naye aliwaombea waliompiga mawe huku bado wanayarusha (Matendo 7:60), na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwomba radhi. Wengi hushika Luka 17:3, "akitubu msamehe." Ni kweli imeandikwa, ila pale Yesu anaanza na "mwonye", yaani ni habari ya kurudisha undugu, na huo unahitaji watu wawili. Kwa hiyo aliyekuibia unaweza kumsamehe leo, na funguo bado usimkabidhi. Aliyekupiga vilevile: msamehe, na kesi iendelee.