Jedwali la korosho linajikunja kwenye psql

Ndugu yangu wa Masasi, pole. Jedwali la mizani ya korosho lenye safu 20 lazima likuvurugie skrini. Kwenye psql, programu ya kuandikia amri za hifadhidata ya PostgreSQL, andika `\x auto`: mstari ukizidi upana, kila safu inashuka peke yake, jina kushoto, kilo kulia. Iweke kwenye faili la `.psqlrc`, ambalo psql hulisoma kila inapoanza, usije ukaiandika kila asubuhi.

Umekosea mkato kwenye kwiri (amri ya kuuliza hifadhidata) ndefu? Piga `\e`, inafunguka kwenye kihariri, unarekebisha hapo hapo. Pgcli, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo hukukamilishia majina ya majedwali unapoandika, mimi siiachi.

Na kabla ya `DELETE`, amri ya kufuta mistari, anza na `BEGIN`, ukikosea unapiga `ROLLBACK` kurudisha ulichofuta. Niliwahi kufuta msimu mzima wa Newala kwa kusahau `WHERE`, sehemu inayosema mistari ipi ifutwe. Jasho lilinitoka, feni inazunguka.